Kadi Moja, Damu Mbili

Kidole bado kiko pale tulipokiacha wiki jana: juu ya kitufe, unene wa kucha kabla ya kugusa.

Kwa msomaji aliyechelewa kujiunga nasi, mambo ni haya. Bi Funguo ndiye mtunzaji wa hifadhidata ya hospitali, ile kompyuta kubwa yenye majina, maradhi na majibu ya wagonjwa wote. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu humo hakifunguki kitu mpaka yeye aruhusu. Wataalamu wa programu, wanaoutengeneza na kuurekebisha mfumo, huwapa nakala ya kufanyia kazi ambayo majina na namba zote amezibadilisha. Mtu anatengeneza mfumo bila kujua jirani yake anaumwa nini.

Alhamisi Mkuu wa Idara alimlazimisha kuuvunja utaratibu huo. Majibu ya maabara yalikuwa yanaingia kwenye mafaili ya watu wengine, na kwenye nakala ya Bi Funguo hitilafu hiyo ilikuwa haionekani kabisa. Basi Kidoti, mtaalamu mpya wa programu, msichana mwenye alama nyeusi juu ya mdomo na kicheko kinachosikika ghorofa mbili, akapewa saa moja ndani ya hifadhidata ya kweli.

Saa ikaisha. Ijumaa asubuhi Bi Funguo akaitazama orodha inayoonyesha nani kagusa faili gani. Mafaili kumi na saba. Moja lilifunguliwa mara tatu.

La mumewe.

Mumewe, fundi wa lifti, ambaye hajawahi kumwambia kwamba anaumwa hata ukucha. Mumewe ambaye juzi alimkuta mlangoni mwa lifti ya ghorofa ya pili, yeye na Kidoti, wanacheka mpaka wanafuta machozi.

Akibonyeza tu, atajua. Lakini akibonyeza, jina lake nalo litaingia kwenye orodha, na orodha humfikia Mkuu kila siku saa sita. Mwaka jana muuguzi mmoja alisimamishwa kazi kwa kuchungulia faili la wifi yake. Aliyempeleka kwa Mkuu ni yeye Bi Funguo, tena alimpeleka akiwa amenyoosha shingo.

Akakiondoa kidole. Akasimama. Akaelekea chumba cha wataalamu wa programu kwa hatua za mtu anayekwenda kugombana huku akijiambia haendi kugombana.

Kidoti alikuwa peke yake, anakula karanga juu ya kibodi.

"Mdogo wangu, jana ulifungua mafaili kumi na saba."

"Ndiyo, dada. Nimeandika na sababu ya kila moja."

"Moja umelifungua mara tatu."

Kidoti akaacha kutafuna. "Lile lina matatizo."

"Matatizo gani?"

"Dada, hilo usiniulize. Karatasi niliyosaini uliiandika wewe. Nitakayoyaona sitayasema, hata kwa mwenye hospitali."

"Sikuulizi yaliyomo. Nakuuliza una nini na mume wangu."

Kidoti akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani wa darasa lingine. "Mume wako ni nani?"

"Fundi wa lifti."

"Yule mzee?"

Nusu ya kifua cha Bi Funguo ilishusha pumzi, nusu nyingine ikachukia. Miaka arobaini na minne si uzee. Na kama ni uzee, nani amemruhusu huyu aseme?

"Kumbe lile faili ni lake," Kidoti akasema polepole. "Mimi majina sisomi, natazama namba. Dada, nakuomba saa moja nyingine ndani ya hifadhidata ya kweli. Moja tu, nimalize."

"Hupati hata dakika."

"Hiyo ni sheria, au ni wivu?"

"Leo vimekutana."

Bi Funguo alikwishafika mlangoni, Kidoti akasema nyuma yake, bila kupandisha sauti. "Basi ujue kwamba kuna mtu anaweza kupasuliwa kwa majibu ya mtu mwingine. Zaidi ya hapo sisemi, na hilo lenyewe nimelisema kwa sababu naogopa."

*

Chumba cha mitambo ya lifti kiko chini kabisa ya jengo, baada ya chumba cha dobi. Kinanuka grisi na joto. Mumewe alikuwa amelala chali chini ya mashine, miguu nje.

"Una faili hapa hospitalini," Bi Funguo akaiambia ile miguu.

Spana ikanyamaza. Mumewe akajivuta nje, akakaa. "Umelifungua?"

"Sijalifungua. Nimekuja kukufungua wewe."

"Nilitaka kukwambia Jumapili."

"Jumapili kuna nini?"

"Kuna kwamba Jumatatu napasuliwa."

Bi Funguo akakalia kreti la vipuri bila kutazama kama ni safi. Wivu wote ukamtoka kwa mkupuo mmoja, akabaki mke tu. "Unaumwa nini, mume wangu? Mbona hukuniambia?"

"Siumwi. Natoa figo."

"Unampa nani?"

Alichukua kitambaa, akaanza kufuta grisi, kidole baada ya kidole. Bi Funguo aliifahamu namna ile ya kufuta mikono. Alifika kidole cha nne ndipo akajibu.

"Mama wa mwanangu."

Na ule wivu ukarudi, umekuja na wenzake.

Mama wa mwanawe ni mtalaka wake, mshonaji. Waliachana miaka minane iliyopita, miwili kabla Bi Funguo hajaolewa. Bi Funguo hajawahi kuzungumza naye zaidi ya salamu kwenye lango la shule ya yule binti. Lakini kabatini mwa nyumba yake kuna shati la kijivu alilolishona mwanamke yule, limekaa mwilini mwa fundi kana kwamba amezaliwa nalo, na Bi Funguo akifua hulifua la mwisho, povu likiwa limeshakufa.

"Ana miezi, labda wiki," mumewe akasema. "Kaka yake kapimwa, dada zake wawili wamepimwa, hakuna anayelingana. Binti ana mtihani mwaka huu. Nikasema nami nipimwe, nijue moja. Daktari anasema tunalingana kama tuliotoka tumbo moja."

Sentensi hiyo ilimkuta Bi Funguo mahali pabaya. Miaka sita analala na mtu huyu. Yeye anataka dirisha wazi, yule anataka limefungwa. Yeye chai nyepesi, yule chai ya kusimamisha kijiko. Wamezoea kucheka kwamba hawalingani kwa lolote, wakaona ndiyo raha yao. Kumbe damu ya mtu huyu ina mwenzake, na mwenzake si yeye.

"Bado unampenda."

"Nampa figo. Simpi moyo."

"Vinakaa jirani."

"Mke wangu..."

"Watu wangapi wanajua?"

"Daktari. Binti. Na yeye mwenyewe."

"Na mimi ningejua Jumapili, tukishamaliza kula."

Bi Funguo akapangusa sketi yake, akaondoka. Alipanda ngazi ghorofa nne kwa miguu, kwa sababu siku hiyo hakutaka kubebwa na kitu chochote kilichopita mikononi mwa mume wake.

Kwenye ngazi ya ghorofa ya tatu akasimama ghafla, mkono ukutani.

Mtu anaweza kupasuliwa kwa majibu ya mtu mwingine.

*

Kidoti alipomwona amerudi, alisogeza karanga pembeni kama anayeondoa ushahidi.

"Saa huipati," Bi Funguo akasema, akavuta kiti. "Hilo faili hulifungui tena, na wala mimi silifungui. Lakini hitilafu tutaipata leo. Wale watu ambao majibu yao yamechanganyika, usinitajie mmoja wao. Niambie wanafanana nini."

"Dada, nimeangalia kila kitu. Umri hapana. Wodi hapana. Siku ya kupimwa, baadhi yao ndiyo, wengine wamepishana siku mbili tatu."

"Namba za kadi?"

"Kadi za matibabu?" Kidoti akafikiri. "Sikuziangalia. Kwenye nakala yako ziko sawa, kila mtu ana yake."

Bi Funguo akainua kichwa. "Rudia."

"Kila mtu ana kadi yake."

"Lakini kwenye hifadhidata ya kweli si hivyo. Kadi ni ya familia. Baba, mama na watoto, namba moja."

Wakatazamana. Kwa mara ya kwanza tangu Kidoti aajiriwe, wale wawili walitazamana bila mmoja kutafuta kosa kwa mwenzake.

"Dada," Kidoti akasema taratibu, "ulipobadilisha namba ulifanyaje?"

"Kila mtu nilimpa namba mpya ya uongo."

"Kwa hiyo mume na mke wa kadi moja wakawa na kadi mbili."

"Na watoto nao kila mmoja na yake." Bi Funguo alijipiga paji la uso kwa kiganja. "Kwenye nakala yangu kila mgonjwa ni yatima. Nimevunja familia za hospitali nzima, halafu nashangaa kwa nini ugonjwa wa familia hauonekani."

Hakuhitaji kufungua faili la mtu. Aliketi kwenye kompyuta yake, akaandika upya amri ya kubadilisha namba: kadi moja ya kweli ipewe kadi moja ya uongo, ile ile, popote inapotokea. Majina yakabaki ya uongo, maradhi yakabaki yamefichwa, lakini baba akarudi kwa watoto wake na mke akarudi kwa mumewe. Ilichukua dakika arobaini. Kidoti alikaa nyuma yake bila kutia neno, na kwa msichana yule hiyo ilikuwa heshima kubwa.

Nakala mpya ilipokamilika, Kidoti akaingiza majibu ya kubuni ya mke wa kubuni.

Yakatua kwenye faili la mume.

"Ndiyo hii," Kidoti akasema, sauti ya chini. "Mfumo ukipokea majibu hautazami jina, unatazama kadi. Kisha unayapeleka kwa mtu wa kadi hiyo ambaye faili lake lilifunguliwa mwisho. Yakija majibu mawili, la pili linafunika la kwanza. Dada, umeimaliza. Narekebisha kabla ya saa nane, na sikuhitaji kumwona mgonjwa hata mmoja."

Aligeuka apongezane naye. Bi Funguo alikuwa amekauka kama picha.

Majibu hayatoki nje ya kadi. Yakienda kwa mtu asiye wake, yanakwenda kwa mtu wa kadi ile ile.

Kadi ya fundi wa lifti ina majina mawili tu. Miaka sita nafasi za watoto ziko tupu. Binti yuko kwenye kadi ya mama yake. Kwenye hii yupo fundi, na yupo mkewe.

Na wiki tatu zilizopita hospitali iliwaomba wafanyakazi watoe damu kidogo, wapimwe, ili wajulikane wanaoweza kuchangia viungo ikitokea haja. Ofisi nzima ilishuka maabara. Bi Funguo naye alishuka, akakunja mkono, akatolewa kichupa kimoja, akarudi kazini, akasahau. Majibu yake hayakuwahi kuja. Hakuyaulizia.

Yalikuwa yamekuja. Yalikosea mlango tu.

"Dada, vipi? Unaumwa?"

"Fanya kazi yako, mdogo wangu," Bi Funguo akasema. Lile neno mdogo wangu, safari hii, halikuwa na sumu.

Akatoka, akasimama dirishani ukumbini.

Sasa msomaji nisikilize, maana hapa ndipo ungejifahamu wewe mwenyewe. Bi Funguo hakulazimika kusema uongo. Angenyamaza tu. Aseme hitilafu imepatikana, arudi mezani kwake, aache siku zipite. Nani angemuuliza? Mshonaji angekaa kitandani akimsubiri fundi, kipimo cha mwisho kabla ya upasuaji kingemkataa fundi, na wiki zingekwisha zenyewe. Shati la kijivu lingechakaa. Hakuna orodha duniani inayoandika kitu ambacho mtu hakukigusa.

Alisimama pale muda ambao baadaye hakumwambia mtu urefu wake.

Kisha akatoa simu, akampigia mumewe. "Panda ghorofa ya tatu, kwa daktari wako wa figo. Sasa hivi."

Ningependa kukwambia alikwenda kwa wema. Wema ulikuwepo, lakini ulikuwa umekaa kiti cha nyuma. Alichotaka Bi Funguo ni kuwa chumbani, macho wazi, fundi atakapoambiwa kwamba yeye na mshonaji hawalingani hata kidogo.

*

Daktari wa figo alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Chumba chake kilikuwa na viti viwili vya wageni na picha ya wajukuu. Bi Funguo alijitambulisha kwa kazi yake tu: mtunzaji wa hifadhidata. Mumewe aliingia mikono bado ina grisi, akawatazama wote wawili, akabaki amesimama.

"Daktari, majibu yaliyomo kwenye faili la huyu si yake," Bi Funguo akasema. "Mfumo umekosea. Maabara wana karatasi za mashine zenye namba za vichupa. Tafadhali waulize kwa namba, wasitazame kompyuta."

Daktari alimgeukia fundi. "Unaruhusu nizungumze habari zako mbele yake?"

"Ruksa," fundi akasema.

Daktari akapiga simu maabara. Akasoma namba. Akasubiri. Akaandika. Usoni hakubadilika, ni kalamu tu iliyopunguza mwendo.

"Hulingani naye," akamwambia fundi alipokata simu. "Hata karibu. Kipimo cha mwisho kingetuonyesha hivyo Jumapili, tukiwa tumepoteza siku ambazo mgonjwa hana."

Bi Funguo alikuwa ameusubiri uso ule kwa hamu. Akaupata. Fundi alikaa chini, akaificha sura kwenye viganja, na grisi ikamwachia michirizi kwenye paji la uso. Hakulia kama mwanaume aliyekosa mpenzi. Alilia kama baba anayepaswa leo jioni kumwambia binti yake neno, na neno hana.

Ushindi ule haukuwa na ladha yoyote.

"Lakini yapo majibu yanayolingana," daktari akaendelea. "Kichupa hicho ni cha mtu. Mtunzaji, mtu huyo ni nani? Kama kwa kazi yako huwezi kuniambia, niambie tu nimtafute wapi."

"Naweza kukwambia," Bi Funguo akasema. "Ni mimi."

Fundi akaondoa viganja usoni.

"Wewe?" daktari akauliza. "Na ilikuwaje majibu yako yakaingia kwenye faili lake?"

"Tuko kadi moja. Mimi ni mkewe."

Daktari akavua miwani, ikabaki inaning'inia kifuani. Akamtazama Bi Funguo, akamtazama fundi, akamrudia Bi Funguo, safari hii kwa muda mrefu zaidi.

"Mkewe yupi?" akauliza.

"Mkewe. Hana mwingine."

Daktari akavuta droo. Akatoa karatasi moja, akaiweka mezani, akaigeuza ili waisome. Ilikuwa ile fomu ya idhini ya mwenzi, ambayo bila hiyo hakuna anayetoa kiungo chake pale. Majina ya Bi Funguo yalikuwepo, yote matatu, bila kosa hata la herufi. Chini yake saini ndefu yenye mkia, ya mkono usiotetemeka. Hakuwahi kuiona saini ile maishani mwake.

"Alikuja Jumatano, saa nne asubuhi," daktari akasema. "Alikaa kiti hicho ulichokalia. Akaniambia, mimi ndiye mke wake, na simzuii. Nilimsifu kwa moyo wake."

Bi Funguo akamgeukia mumewe. Alisubiri aulize swali ambalo mwanaume asiye na kitu angeuliza kwanza: mwanamke huyo ni nani?

Mumewe hakuuliza ni nani.

"Daktari," akasema, na sauti yake ilitoka kavu, "alikuja peke yake, au alikuwa amembeba mtoto?"